Mabaka Chini ya Kamba

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kwanini alimwagilia ukoka wa mbele ya nyumba. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu tangu ajifunze kusema hakuna jibu lililomtosha. Soksi, mbwa mweusi mwenye miguu myeupe, alimfuata huku akiyarukia maji ya mpira kana kwamba anawinda panya.

Asubuhi hiyo baba alitoka na beseni la makoti yake meupe ya kazi, akasimama ghafla.

"Baka jingine! Ukoka wangu umekuwa kama shuka lililoungua kwa pasi. Ni huyu mbwa. Kila nikirudi namkuta amejilaza papo hapo."

"Lakini baba, kulala si kukojoa."

"Dalili ya mvua ni mawingu," baba alimkatiza. "Jumamosi mlinzi wa ghala atakuja kumchukua. Nimeshaongea naye."

Kwanini alimvuta Soksi karibu. Soksi alikuja nyumbani akiwa mdogo kama kiatu, na yeye ndiye aliyemlea kwa maziwa. Hata hivyo, alijua machozi hayajawahi kushinda kesi.

"Baba, nikikuonyesha kitu kingine kinachounguza ukoka, Soksi atabaki?"

Baba alicheka. "Atabaki. Ila unionyeshe, usinisimulie."

Mchana, alipotoka shule, Kwanini alipiga magoti kwenye ukoka. Kwanza alivuta nyasi za pembeni mwa baka, maana mwalimu wa sayansi aliwaambia kwamba funza wakila mizizi, nyasi hung'oka kama mkeka. Hizi hazikung'oka. Akachimbua kidogo kwa kijiti. Hakukuwa na funza hata mmoja.

Kisha akaenda getini, mahali ambapo Soksi hukojoa kweli. Hapo palikuwa na baka moja la njano, lakini ukingo wake ulikuwa wa kijani kibichi kuliko nyasi nyingine zote, kana kwamba umetiwa mbolea. Mabaka ya katikati hayakuwa na ukingo kama huo. Yalikuwa yamepauka tu, tena yamejipanga mstari ulionyooka.

"Mbwa gani anakojoa kwa rula?" alijiuliza.

Tone la maji likamdondokea puani. Lilinuka dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Akainua macho: juu yake ilikuwa kamba ya kuanikia nguo, na makoti mazito ya baba yalikuwa bado yanachuruzika.

Tangu baba afanywe mkuu wa waokaji kwenye kiwanda cha mikate, hakuna aliyeruhusiwa kugusa makoti yale. Aliyaloweka mwenyewe kwenye dawa, akayasuuza juu juu, akayaanika bila kukamua. "Kukamua kunavunja kola," alisema siku zote.

Kwanini alikimbilia jikoni. "Mama! Anayeunguza ukoka ni baba!"

Mama aliziba mdomo asicheke kwa sauti. "Taratibu, mwanangu. Ukienda kumwambia mtu mzima amekosea, usiende mikono mitupu."

Basi Kwanini akakinga matone ya makoti kwenye kopo. Nyuma ya jiko alichagua mafungu mawili ya nyasi, yote mabichi. Moja alilimwagia maji ya kopo, la pili maji ya bomba, na akarudia kila makoti yalipoanikwa. Kufikia Ijumaa, la kwanza lilikuwa limepauka kama majani makavu. La pili lilikuwa linacheka.

Jioni alimsubiri baba mlangoni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, wakili wa mbwa. Haya, tuonyeshe."

Alimwonyesha mafungu mawili, kopo, na mstari wa mabaka chini ya kamba. Walipofika getini, mama alimkonyeza apite haraka. Kwanini alisita. Kisha akasimama.

"Baba, hili ni la Soksi. Lina ukingo wa kijani. Siwezi kulificha."

Baba aliinama akalitazama baka, halafu akarudi kusimama chini ya kamba akiwaza. Tone kutoka kwenye koti likamdondokea kwenye upara. Akalifuta kwa kidole, akanusa. Ghafla akaangua kicheko mpaka Soksi akabweka.

Kesho yake mlinzi wa ghala alipobisha hodi, baba alimpokea mwenyewe getini. "Samahani ndugu yangu, nimekusumbua bure. Mharibifu tumempata, ila huyo huwezi kumfuga. Anakula mikate mingi mno."

Siku hiyo waling'oa nyasi zilizokufa, wakaosha udongo kwa maji mengi na kupandikiza vipande vya ukoka. Baka la getini Kwanini aliahidi kulimwagilia kila Soksi anapomaliza haja yake. Baba aliyasuuza makoti yake mara mbili, akayakamua hadi mishipa ikamtoka.

"Mwanangu," alisema akihema, "mimi nilimhukumu aliyekuwa karibu na kosa. Wewe ulilichunguza kosa lenyewe. Na uliponionyesha lile baka la getini, hapo ndipo nilipokuamini, maana anayesema ukweli unaomuumiza hawezi kunidanganya kwa mengine. Kagua kwanza, ndipo uhukumu. Hata mimi nimeelewa."

"Na kola, baba?"

Baba alitazama kola zilizokunjamana, akapumua.

"Kola," alisema, "zina pasi."