Fundi Nakuja Apanga Siku Yake

Mtaani walimwita Fundi Nakuja. Ukimpigia simu kumwambia kitasa kimevunjika, alijibu, "Nakuja." Ukimwambia ukuta unabambuka rangi, alijibu, "Nakuja." Aliitikia hata kabla hujamaliza kueleza. Hakuwa mwongo. Alitaka kuja kwelikweli. Tatizo ni kwamba yeye alikuwa mmoja, na waliomsubiri walikuwa wengi.

Zamani alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilipohamia mji mwingine, yeye alibaki. Alikuwa na mke, Mama Pacha, aliyeshona mapazia nyumbani, na mabinti wao mapacha waliokuwa wameanza shule. Basi akajiajiri. Alifua mazulia. Alipaka rangi. Alinoa visu na mikasi. Alibadilisha vitasa vya milango. Hakuna kazi hata moja kati ya hizo iliyoweza kulisha familia peke yake, lakini kwa pamoja ziliweza. Naye alizipenda zote.

"Mkono wangu ukifanya jambo moja kutwa, unanuna," alikuwa akimwambia mkewe.

Jumatano moja aliamkia kwa muuguzi mstaafu, nyumba ya kona. Muuguzi alitaka kitasa kipya. Fundi alikuwa ndiyo kwanza amekitoa cha zamani, simu ikalia. Alikuwa msusi wa mtaa wa pili.

"Fundi, saluni nafungua Jumamosi na kuta bado ni saruji tupu."

"Nakuja."

Akamgeukia muuguzi. "Mama, nipe muda kidogo tu." Akaondoka. Mlango ukabaki na tundu.

Kwa msusi alipaka ukuta mmoja. Alipokuwa anasubiri ukauke, akakumbuka zulia la mwalimu. Alikuwa ameliloweka nyumbani tangu jana. Akakimbia nyumbani. Njiani akaitwa anoe visu vya muuza nyama. Akanoa. Kutoka hapo akaitwa pengine, na pengine tena.

Jioni aliporudi kwake, alikuta watu watatu wamekaa kwenye benchi mbele ya mlango. Mama Pacha alikuwa amewapa chai. Walikuwa muuguzi, msusi na mwalimu.

"Mimi leo nimekuwa askari," alisema muuguzi. "Nimelinda mlango tangu asubuhi. Hapa nilipo nimeufunga kwa kilemba."

"Afadhali wewe, mama," alisema msusi. "Mimi nina ukuta mmoja wa manjano na tatu za kijivu. Wateja watadhani rangi iliniishia."

"Na mimi," alisema mwalimu, "zulia langu nimelinusa nikiwa bado barabarani."

Wote watatu wakacheka. Fundi hakucheka. Wangemgombeza, angejisikia nafuu kidogo.

Kisha msusi akaweka kikombe chini. "Fundi, mkono wako ni mzuri. Ule ukuta mmoja umependeza. Lakini nimeshatangaza Jumamosi. Kesho jioni nisipoona kuta zote zimepakwa, nitatafuta mtu mwingine."

Wenzake wakatikisa kichwa kukubali. Wakaaga, wakaenda.

Upande wa pili wa uzio aliishi Bi Mpishi. Kwa miaka mingi alikuwa ameongoza jiko la hoteli kubwa. Sasa alijiajiri, tena kwa kazi kadhaa. Alipikia sherehe, alikodisha viti, na alifundisha watu kuoka keki. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Sikuwa nasikiliza," alisema juu ya uzio. "Nilikuwa nasikia. Nipite?"

"Karibu, Bi Mpishi," alisema Mama Pacha. "Labda wewe atakuelewa. Mimi nimesema mpaka ulimi umeota sugu."

Bi Mpishi akaketi. "Mwanangu, hebu niambie. Ukuta wa manjano ulipokuwa unakauka, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilisimama nikiutazama."

"Ukaukie machoni pako?"

Mama Pacha akaficha mdomo kwa kiganja. Fundi naye akaanza kutabasamu.

"Kule hotelini," alisema Bi Mpishi, "maharage yakiwa jikoni sikuyashikia mkono. Yalichemka yenyewe, nami nikakata mboga. Kazi zako nazo ziko hivyo. Zipo zinazotaka mikono yako. Kitasa kinataka mikono, kisu kinataka mikono. Na zipo zinazotaka jua na upepo tu. Zulia likishafuliwa, linataka jua. Rangi ikishapakwa, inataka upepo. Anza na zile zinazojimalizia zenyewe, kisha mikono yako iende kwingine."

"Kwa hiyo kesho nianze na zulia?"

"Hapana. Kesho uanze na mlango wa muuguzi. Mtu usimwache na nyumba isiyofungika. Ukifungua kitu ambacho mwenyewe hawezi kukaa bila hicho, kifunge kwanza. Hata simu iite mpaka ichoke."

Fundi akainamisha kichwa. "Lakini nikimwambia mtu siwezi, si ataenda kwa mwingine?"

"Ulishamuuliza anataka lini?"

"Kila mtu anataka leo."

"Nani kakwambia? Muulize. Wengi wanataka siku ijulikane tu, wapange mambo yao. Halafu angalia kazi ziko wapi. Za mtaa mmoja zifanye siku moja, usipoteze muda barabarani. Bei na vifaa mkubaliane kabla hujagusa kitu. Kila malipo, weka kando kidogo. Brashi huisha, na kuna wiki ambazo simu hailii. Na kila siku acha saa moja tupu."

"Tupu kwa nini, na kazi zipo?"

"Kwa jambo usilolijua. Huwa linakuja."

Mama Pacha alisimama, akashika kijiko sikioni kama simu. "Haloo, Fundi? Dirisha langu limekwama."

"Naku..."

Mkewe akamtolea macho.

"Naam," alisema Fundi. "Unalitaka lini, mama?"

"Sasa hivi, nusu nimeingia na nusu niko nje."

Walicheka mpaka mapacha wakatoka ndani kuuliza kuna nini. Wakarudia zoezi hilo, Fundi akajifunza kusema, "Leo siwezi, kesho kutwa asubuhi naweza." Mara ya kwanza alikwama katikati. Mara ya nne yalitoka laini.

Alhamisi, jua lilipochomoza, alikuwa kwa muuguzi. Kitasa kikaingia, ufunguo ukazunguka vizuri. Muuguzi alifunga na kufungua mlango mara kadhaa kwa raha tu. Fundi akamwomba jambo moja. Alikuwa amelifua upya zulia la mwalimu alfajiri, na ukuta wa nyumba ya kona ulipata jua kuanzia asubuhi. Je, angeweza kulianika hapo?

"Anika," alisema muuguzi. "Jana nimelinda mlango. Leo nitalinda zulia."

Kutoka hapo alikwenda saluni, akapaka zile kuta tatu mara ya kwanza. Safari hii hakusimama kuzitazama. Alikaa kizingitini akanoa mikasi yote ya msusi. Alipoimaliza, mshonaji wa duka la jirani akaleta yake. Mkono ulipomaliza mikasi, kuta zilikuwa tayari kupakwa mara ya pili.

Simu ikalia. Mwanamume mmoja alitaka chumba chake kipakwe rangi.

Fundi akavuta pumzi. "Leo siwezi, kaka. Jumatatu asubuhi ninaweza. Itakufaa?"

Fundi aliona kazi inamponyoka.

"Jumatatu inafaa sana," alisema yule mtu. "Nilidhani utasema unakuja sasa hivi, halafu nishinde dirishani nakungoja."

Mchana wingu zito likatanda. Lilikuja ghafla, na lilikuja katika ile saa aliyoiacha tupu. Fundi akatembea hadi nyumba ya kona. Alimkuta muuguzi tayari ameshika ncha moja ya zulia. Yeye akashika nyingine. Walipoliingiza ukumbini, matone ya kwanza yakaanza kugonga paa. Zulia lilikuwa limekauka, linanukia sabuni.

Mwalimu alilipokea jioni ile ile. Alilinusa, akalinusa tena, kisha akauliza kama Fundi anafua na mapazia. Fundi alimwambia mapazia ni kazi ya mkewe, kushona na kufua. Mama Pacha akapata wateja wapya watatu kabla ya wiki kuisha.

Jioni hiyo msusi alisimama katikati ya saluni yake. Kuta zote nne zilikuwa za manjano, rangi imekaa sawasawa. Alizunguka chumba taratibu, mikono kiunoni, kisha akasema, "Jumamosi mwambie Mama Pacha aje. Namsuka wa kwanza, na silipwi."

Jumamosi saluni ilijaa. Mama Pacha aliketi kwenye kiti kipya mbele ya kioo. Mapacha walikaa sakafuni wakichezea vitana. Bi Mpishi alikuwa amekodisha viti vya wageni na kuoka keki, yote kwa siku moja, bila haraka. Fundi alisimama mlangoni.

"Baba Pacha, nywele za mkeo ni nyingi," alisema msusi akizigawa kwa kitana. "Nitamchelewesha. Labda utangulie kwenye kazi zako, urudi baadaye kumchukua."

"Kazi za leo nimezimaliza," alisema Fundi. Akavuta kiti, akakaa karibu na mkewe, akanyoosha miguu. "Msuke polepole. Nina muda."