Kandambili Kwenye Sekta Mbovu

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu ninayeishi naye chumba kimoja, na yeye si mtu wa kuzusha. Mama yake alifia wodini akiita nesi, huku simu ya mama mwenyewe ikirekodi. Hospitali ikasema, kwa ule upole wao wa kinafiki, "Lete ushahidi." Ushahidi wenyewe, rekodi ile aliyoihamisha kutoka kwenye simu, nakala pekee, ulikuwa kwenye diski ya kompyuta iliyoanza kufa.

Akaipeleka kwa fundi mchana kweupe.

"Dada, ulinakili kwanza?"

"Hapana. Niliiamuru kompyuta irekebishe sekta mbovu, zile sehemu za diski zisizosomeka."

"Lo! Mgonjwa mahututi, nawe ukamtwisha gunia?"

Hata hivyo fundi aliiokoa rekodi, wakasikiliza. "Nesi! Nesi, jamani!" Rafiki yangu alikuwa ameihifadhi moyoni: mama anaita mpaka sauti inakauka, na hakuna anayekuja. Kesi yote ya mama ilikuwa hapo, kwamba hakuja mtu.

Walipofika palipokuwa na sekta mbovu, zikasikika kandambili zikikokotwa sakafuni, chwa, chwa. Mama akaacha kuita. Kisha akasema kwa utulivu, "Ahsante, umekuja."

"Sasa watasema alihudumiwa!" rafiki yangu akalia. "Zima, kaka, zima!"

Fundi akachomoa waya. Spika zikanyamaza, diski ikabaki kiganjani mwake. Humo ndani kandambili hazikunyamaza. Ziliondoka taratibu kitandani pa mama, chwa, chwa, zikawa zinakuja upande wao.