Siri Iliyokwenda Malishoni

Kila jioni, ng'ombe wa Bujiku waliporudi nyumbani, kijiji kizima kilisikia.

"Teksi, ingia! Pizza, acha ugomvi! Redio, songa mbele! We Helmeti, unakwenda wapi?"

Mkewe, Ng'washi, alikuwa akisubiri mlangoni pa zizi na ndoo ya kukamulia. Alitikisa kichwa. Tangu aolewe katika nyumba hii, ng'ombe walikuwa na majina ya heshima. Kulikuwa na jina la rangi, jina la pembe, hata jina la shemeji aliyemleta kwenye mahari. Msimu wa kupanda pamba ulipofika, mume wake aliwabatiza upya wote kumi na wawili. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Watoto waliyachukua majina wakayafanya wimbo wa kuruka kamba.

"Baba Violeth," Ng'washi aliuliza, "hivi pizza umewahi kuiona?"

"Kuiona, sijaiona."

"Sasa huyu ng'ombe amekukosea nini?"

"Mama Violeth, kamua maziwa. Hayo ni mambo ya akili."

Akili yenyewe ilikuja kujulikana asubuhi moja ya kiangazi. Bujiku alikuwa anawafungulia ng'ombe. Simu ikamponyoka mfukoni. Helmeti, maksai mwenye miguu kama mchi wa kinu, akaikanyaga. Hakurudi hata kuomba radhi.

Bujiku alichutama. Akaokota vipande kimoja kimoja, kama mtu anayeokota mbegu.

"Ni simu tu," Ng'washi alimwambia. "Utanunua nyingine."

"Si simu, mke wangu. Ni kisima."

Ng'washi alichutama naye. Kisima hicho alikuwa anakiota usiku na mchana. Kila kiangazi alikwenda mtoni na bakuli. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Alichimba, akakaa, akasubiri maji yatokeze kidogo kidogo kama machozi ya mtu mgumu. Mdogo wake Bujiku, Masunga, anaendesha malori nje ya nchi. Yeye ndiye alijitolea kulipia kisima cha pampu. Wachimbaji walikuwa na mtambo wao kijiji cha jirani. Jumatatu wangehamia Mwanhuzi. Wasipolipwa kabla ya hapo, mtambo ungepita.

"Fedha ya Masunga ilikuwa kwenye simu?"

"Ilikuwa dola za mtandaoni. Zinakaa kwenye pochi, na pochi iko ndani ya simu."

Violeth, binti yao, alikuwa likizo kutoka chuoni. Alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba, pochi hiyo si ilikupa maneno ya siri ulipoifungua? Maneno kumi na mawili? Ukiyaingiza kwenye simu nyingine, fedha inarudi."

"Ilinipa."

"Yako wapi?"

Bujiku alinyoosha kidole. Kule mbele, ndani ya vumbi, mikia kumi na miwili ilikuwa inakwenda malishoni.

Ng'washi aliitazama ile mikia. Akamtazama mumewe. Akaitazama mikia tena.

"Yesu wangu! Siri ya kisima changu inakula majani?"

"Karatasi niliichoma," Bujiku alijitetea. "Karatasi huliwa na mchwa. Ng'ombe haliwi na mchwa. Na mimi naweza kusahau kila kitu duniani, lakini jina la ng'ombe wangu, hapana."

"Na mpangilio, baba? Maneno yanatakiwa kwa mpangilio wake."

"Nimewapa majina kama wanavyoingia zizini. Teksi mbele, siku zote. Jioni wakirudi, tutasoma."

Violeth hakuweza kusubiri jioni. Alichukua simu yake, akaandika shida yao kwenye kundi moja la mtandaoni. Ugali haujaiva, jibu likaingia. Lilisema hivi: "Ndugu mteja, pole sana. Sisi ni huduma kwa wateja. Tuma maneno yako yote kumi na mawili kwa mpangilio tukufungulie pochi."

"Watu wa haraka hawa!" Bujiku alifurahi. "Mwambie asubiri kidogo. Ng'ombe hawajarudi."

Ng'washi hakuwahi kuingia kwenye kundi hilo. Lakini mnadani alikwenda tangu yuko mgongoni kwa mama yake.

"Mnadani," alisema, "mtu usiyemjua akija mbio kukusaidia kuswaga ng'ombe, ng'ombe huyo atalala kwake. Usimjibu. Twende kwa Milembe."

Milembe alikuwa jirani yao. Alikuwa na duka la kutengeneza simu Bariadi mjini, karibu na soko. Walimkuta anachokonoa simu ya mtu kwa sindano.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Ng'washi kwa Kisukuma, kama mama yake. "Mwangaluka, baba. Leo mmekuja wote, kuna harusi?"

"Kuna msiba wa simu," Bujiku alisema. "Sikiliza, binti yangu. Neno la kwanza ni—"

Milembe aliziba masikio kwa viganja. Akaanza kuimba pambio la kanisani kwa sauti kubwa. Wateja wawili wakageuka.

"Umenyamaza, baba? Sawa. Usinitajie. Usimtajie mtu yeyote, hata mimi, hata mchungaji. Pochi yako ni zizi. Namba ya siri unayobonyeza kwenye simu ni kufuli la mlango wa hapa. Lakini maneno yale ni zaidi ya kufuli. Mwenye nayo anaweza kuufungua mlango wa zizi lako akiwa popote duniani, akaswaga ng'ombe wote. Na hakuna benki ya kwenda kulalamika. Benki Kuu ilishatahadharisha watu, hii si fedha halali ya nchi. Ikipotea, unalia mwenyewe."

"Mbona huduma kwa wateja wameyaomba?" Violeth alimwonyesha ujumbe.

"Huyo ni mwizi aliyevaa tai. Huduma ya kweli haiulizi maneno hayo. Haiulizi kabisa! Anayeyauliza umeshamjua. Mzuie huyo, umfute." Violeth alifuta. "Haya, baba, karatasi yenye maneno iko wapi?"

Walimweleza habari ya ng'ombe. Milembe alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Halafu ghafla akaacha.

"Ngoja kwanza. Teksi, Pizza, Redio... si ndio ule wimbo wa watoto?"

"Ndio huo," Ng'washi alisema.

"Na ile video? Violeth, si uliweka video ya baba anaita ng'ombe wakiingia zizini?"

Violeth aliinamisha uso. "Watu waliipenda. Walicheka sana."

"Wengi wanacheka na kupita. Anayejua kitu, anaandika. Hata mimi ninayo maneno yenu kichwani, na sikuyataka! Tufunge duka, twendeni."

Njia nzima Ng'washi alikuwa anaona mkono wa mtu asiyemjua unachota maji kwenye kisima chake.

Jioni walisimama mlangoni pa zizi. Bujiku alikuwa na simu mpya, iliyogharimu mbuzi. Milembe alikuwa amemwonyesha namna ya kupakua programu ya pochi kutoka duka rasmi la simu. Alimfundisha kwanza kuangalia jina la walioitengeneza, kwa sababu ziko za bandia zinazofanana nayo kama mapacha. Sasa alisimama mbali, amewapa mgongo, anatazama ua wa minyaa.

"Andika mwenyewe, baba. Mimi sipo."

Ng'ombe waliingia. Bujiku hakuita kwa sauti. Alinong'ona na kuandika, kila jina kwa Kiingereza kama pochi ilivyompa. Teksi. Pizza. Redio. Wengine wakafuata. Wa mwisho alifika Roketi, na ndama wake aliyebaki nyumbani akamkimbilia.

Akabonyeza. Simu ikakataa. Maneno si sahihi.

Akaandika tena. Ikakataa tena.

"Nimekwisha," alisema. "Kisima kimekwenda."

Ng'washi alikuwa anamtazama Roketi. Roketi alisimama mlangoni, akageuka, akamlamba ndama, ndipo akaingia.

"Baba Violeth, majina uliwapa lini?"

"Wakati wa kupanda pamba."

"Wakati ule Roketi hakuwa na ndama. Mimi ndiye ninayemkamua. Alikuwa anaingia nyuma ya Redio, anamsukuma kwa pembe. Amezaa juzi juzi tu, ndipo akaanza kuchelewa."

Bujiku alimtazama mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akamrudisha Roketi nyuma ya Redio. Akabonyeza.

Pochi ikafunguka. Ndani yake kulikuwa na sufuri.

Bujiku alikaa chini, palepale kwenye samadi. Violeth alianza kulia.

"Inaonyesha sufuri?" Milembe aliuliza bila kugeuka. "Msilie bado. Wageni wengi hulia hapo bure. Fedha hii hupita kwenye mitandao tofauti, kama njia tofauti za kwenda Mkula. Ukisubiri mgeni kwenye njia ambayo hakupita, utasema hajaja. Mpigieni Masunga, mumuulize alitumia mtandao gani."

Masunga aliutaja. Violeth akautafuta kwenye orodha ya pochi, akauwasha. Dola zikatokea. Zote.

Ng'washi alipiga kigelegele, ng'ombe wakashtuka.

"Sasa naweza kugeuka?" Milembe alisema. "Mna bahati ya ajabu. Ile video, Violeth, uliichukua baada ya Roketi kuzaa?"

"Baada."

"Basi aliyeiga mpangilio wa kwenye video, alikosea kama baba alivyokosea. Ndama amelinda zizi. Lakini bahati si kufuli. Mwizi mwenye kompyuta angepangua na kupanga mpaka apate. Hapa hatulali. Tunahama leo."

Bujiku alifungua pochi mpya. Ikampa maneno mapya kumi na mawili. Mkono wake ukaenda kutafuta karatasi, akasita.

"Mchwa je?"

"Mchwa wanakula bati?" Milembe aliuliza.

Bujiku alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikata vipande viwili vya bati. Akaenda nyuma ya nyumba peke yake. Walimsikia anagonga kwa msumari, herufi moja moja, kila neno na namba yake. Hakupiga picha. Hakujitumia ujumbe. Alipomaliza, alifanya kama Milembe alivyomwagiza. Aliifuta pochi mpya kwenye simu, akairudisha kwa kusoma lile bati. Ikarudi. Hapo alijua bati linasema kweli kabla halijabeba mzigo.

Kuhamisha nako kuligoma. Simu ilisema salio halitoshi.

"Halitoshi vipi, na dola tunaziona?" Violeth alilalamika.

"Dola ni abiria," Milembe alisema. "Abiria analipa nauli, na mtandao huu unapokea nauli kwa sarafu yake tu. Masunga awatumie kidogo ya nauli."

Masunga alituma. Bujiku alitaka kuswaga zote kwa mkupuo.

"Taratibu! Ng'ombe akivuka mto mgeni, unatanguliza wangapi?"

"Mmoja."

"Basi tanguliza dola moja. Na kabla ya kubonyeza, linganisha anwani mwanzo, katikati na mwisho. Ukikosea, hairudi."

Dola moja ilifika. Ndipo wakafuata wenzake wote.

Kesho yake walimrudishia Masunga fedha ya kisima kwa njia hiyohiyo. Yeye akaibadilisha huko aliko, akaituma kwa shilingi benki. Milembe aliwaambia fedha ya shughuli ya karibu haina haja ya kulala kwenye pochi, maana bei hucheza na simu hukanyagwa. Ijumaa wachimbaji walilipwa, wakatoa risiti.

Bati moja Bujiku alilificha nyumbani. La pili Ng'washi alilishonea kwenye kitambaa, akalipeleka kwa kaka yake Maduhu, huko Mkula.

"Ni kama tunavyopeleka ng'ombe kwa ndugu," alisema. "Ugonjwa ukiingia zizi moja, jingine linabaki."

"Sawasawa, mayu," Milembe alimjibu. "Ila hakikisha ng'ombe huyo amepelekwa mzima, maneno yote kumi na mawili. Usipeleke kichwa Mkula na mkia Kiloleli."

Kisima kilichimbwa, na maji yalipatikana. Ng'washi alisukuma pampu ya kwanza yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Siku chache baadaye, ng'ombe wakiwa wananywa birikani, alikuja kijana mgeni na pikipiki. Alisema anatafuta ng'ombe wa kununua. Lakini hakushika nundu hata moja, wala hakutazama meno.

"Mzee," alimuuliza Bujiku, "nimeona video yako. Yule Roketi huwa wa mwisho kuingia, siku zote?"

Ng'washi aliacha kusukuma pampu. Bujiku alimkonyeza.

"Aa, hapana," Bujiku alisema kwa upole. "Huyo hufuata nyuma ya Redio. Uchelewaji ni wa juzi tu, kwa ajili ya ndama."

Kijana alishukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akawasha pikipiki, akaondoka bila kuuliza bei ya ng'ombe yeyote.

"Umemwambia kweli!" Ng'washi alisema.

"Nimemwambia. Aende akafungue. Zizi lile tulishahama. Atakuta samadi kavu."

Walicheka mpaka Helmeti akainua kichwa kuwatazama. Majina ya ng'ombe hayakubadilishwa, na watoto wanaruka kamba na wimbo wao mpaka leo. Ni ndama wa Roketi tu ambaye hakuwa na jina. Bujiku alitaka kumpa. Ng'washi akamzuia kwa kidole.

"Wewe pumzika kubatiza," alisema. Akasukuma pampu, maji yakamwagika meupe kwenye birika. "Kisima! Kisima wangu, njoo unywe."

Ndama akaja.