Mahali Pamoja Kwenye Kona ya Reli

Walikutana kwa kugongana. Stesheni ya Omiya, huko Japani, ilikuwa imefurika watu Jumamosi ile, na Sohei, fundi miwani mwenye haraka zake, akajikwaa kwenye stendi ya kamera ya msichana mmoja, nusura waanguke wote wawili. Msichana alivaa koti la rangi ya haradali na skafu nyeupe. Alivyoikumbatia kamera yake kabla hata ya kujitazama kama ameumia, Sohei akajua amepatikana.

"Samahani sana. Umeumia?"

"Mimi nitapona. Lenzi ikiwa imepasuka, utamweleza wewe baba yangu."

Lenzi ilikuwa salama. Msichana jina lake Chizuru, muuza dawa, na tangu siku hiyo wakawa wa kupigiana simu asubuhi, mchana na jioni. Simu nyingi zilimhusu baba yake, Mzee Tokunaga. Ujanani alichochea makaa kwenye magarimoshi ya mvuke, na mpaka leo kila mwaka huipeleka familia yake bondeni kulipiga picha moja lililobaki. Safari hii ilikuwa na uzito wake. Garimoshi lilikuwa linakwenda karakana kwa miaka mitano, na macho ya mzee yalikuwa yanafifia. Chizuru akaamua kumtambulisha Sohei kwa wazazi wake siku hiyohiyo.

"Saa tatu kamili, stesheni," alimwambia kwenye simu. "Baba alishamkataa mchumba mmoja kwa kuchelewa dakika kumi na mbili."

"Dakika kumi na mbili tu?"

"Kwa baba hapo treni imeshaondoka, mpenzi."

Saa tatu ikafika, Sohei hayupo. Simu yake haikupatikana. Mzee Tokunaga alitazama saa, akapanda treni, na mkewe, Mama Fusae, akamgawia binti yake tonge la wali lililofungwa kwa mwani. Njia nzima Chizuru alitazama dirishani akijilaumu kwa kumpenda mtu asiye na haya.

Kwenye kona ya reli walikuta stendi zaidi ya thelathini, zimebanana. Wapiga picha wa treni wana sheria yao: aliyetangulia ndiye mwenye mahali, mtu mmoja stendi moja, na kumwekea mwenzako nafasi ni utovu wa adabu. Mzee alitafuta mwanya akaukosa.

"Basi nitalisikia tu," alisema taratibu.

Ndipo Chizuru akamwona Sohei, katikati ya safu, mahali pazuri kuliko pote, koti limelowa umande. Damu ikamchemka.

"Kumbe upo. Umemwacha baba yangu stesheni ili uwahi picha?"

"Nilisikia watu watakuwa wengi mno, nikapanda treni ya kwanza. Sikutaka kukuamsha, nikasema nitapiga simu nikifika. Huku mtandao hakuna. Nimekosa, Chizuru. Lakini mahali pa baba yako papo."

Aliiondoa kamera yake kwenye stendi, akawainamia majirani wa kulia na kushoto, akawaomba ruhusa ya kumpisha mtu aliyewahi kuchochea makaa kwa mikono yake. Wakaitazama mikono ya mzee yenye makovu ya moto, wakajisogeza. Sohei akarudi nyuma kabisa, kama sheria inavyotaka, asikoona ila migongo.

Garimoshi likaja. Jamani, chuma kile kina utukufu! Weusi unaong'aa, moshi umepanda juu ya mierezi, ardhi inatetema mpaka kwenye magoti. Chizuru hakuinua kamera. Alikwenda nyuma akasimama na Sohei.

"Hapa huoni kitu."

"Naona moshi."

"Mjinga wewe," alimwambia, akamshika mkono akaung'ang'ania.

Moshi ulipotawanyika, Mzee Tokunaga aligeuka, machozi mashavuni.

"Kijana, likirudi nitakuwa na miaka sabini na saba. Treni ya kwanza sitaiweza. Nani atakuja kuniwahia mahali?"

Sohei alimtazama Chizuru, si mzee.

"Mkweo," alijibu, "Chizuru akikubali."

Chizuru akakubali, analia bila kujificha, mbele ya watu zaidi ya thelathini wenye kamera mikononi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kupiga picha.