Mtafsiri wa Kibanda cha Walukuba

Soko la Mbale lilikuwa limefurika watu Orpah aliposikia sauti ile nyuma yake.

"Orpah wangu, siku hizi unauza vitenge?"

Aligeuka. Ni Swaib: shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, miwani nyeusi, manukato ya kuchoma pua.

"Wako tangu lini? Hebu niondokee hapa, bwana!"

Alikuwa na haki ya kufoka. Miaka kumi iliyopita Swaib alikuwa mtafsiri kwenye kibanda cha video kando ya kambi ya polisi huko Walukuba, mjini Jinja, Uganda. Filamu za Kichina, za Kihindi, yeye hushika maiki na kuzigeuza Kiswahili, askari na wake zao wakivunjika mbavu. Orpah, binti wa polisi, hakukosa benchi la mbele. Siku moja mrembo wa filamu alifungua kinywa, Swaib akamsemea: "Orpah, nakupenda!" Kibanda kizima kikapiga makofi. Basi, mtoto wa watu akampenda kufa.

Baadaye waligombana kwenye simu, Orpah akalia: "Nisamehe, usiniache, nitakufa mie." Jumamosi iliyofuata mrembo wa filamu, kwa sauti ya Swaib, akayasema maneno yale yale, kwa kwikwi zile zile. Watu wakacheka hadi machozi. Orpah akatoka mbio, akahamia Mbale kwa shangazi yake.

"Kibanda kilikufa," Swaib alisema. "Kila mtu ana sinema yake kwenye simu. Nimejuta, mpenzi. Nilikuwa mjinga."

"Mjinga? Katili wewe! Ulinianika mbele ya watu!"

"Nipige basi." Akapiga magoti kando ya vitenge, pete mkononi. "Nikuoe, Orpah."

Moyo ukamlegea Orpah, moyo mpumbavu ule. Bado alikuwa anampenda. Akanyoosha mkono, na ndipo alipoiona simu, imeegemezwa kwenye gunia la maharage la jirani, inawatazama.

"Unarekodi?"

"Tuko hewani mtandaoni tu, mpenzi. Watu wanasubiri. Sema ndiyo, kisha nazima."

"Zima kwanza, nikujibu."

Swaib akamtazama, akaitazama simu. "Dakika moja tu, mtamu wangu."

Orpah akaichukua, akaisogeza usoni. "Nyie mnaotazama, jibu ni hapana. Haya, chekeni!"

Akamtupia simu yake. Mteja akauliza bei ya kitenge cha kijani, naye akamtajia kwa ukali, machozi yakimtiririka.