Wa Mwisho Msafarani

Asubuhi hiyo Mshonaji alikuta hema limefungwa zipu kwa ndani.

Alikuwa amelisimamisha sebuleni tangu jana yake, kwa sababu katika mji ule wa mlimani hata soksi hukauka kwa kubembelezwa, na hema lililolowa halina pa kukaukia ila ndani ya nyumba. Zipu yake ilikuwa mbovu, nayo ndiyo aliyotaka kuishona. Aliiacha wazi kwa mikono yake mwenyewe. Sasa ilikuwa imefungwa hadi chini, na kwa kuwa kishikio cha nje kilikuwa kimeng'oka zamani, mtu aliye nje asingeweza kuifunga hata kama angetaka. Akamdhania bintiye. Lakini binti alikuwa jikoni anakunywa chai, miguu yake ikining'inia kitini.

"Kasuku, umeingia kwenye hema?"

Mtoto akatikisa kichwa. Mshonaji akachukua mkasi, akafumua uzi kando ya zipu, akachungulia. Hamkuwa na mtu. Mlikuwa na harufu tu, ya jiwe lililolowa na moshi wa mafuta ya taa, na turubai la chini lilikuwa limebonyea mahali pamoja kama godoro ambalo mtu ameinuka sasa hivi. Alipagusa kwa kiganja. Palikuwa pa baridi. Akarudi kwenye cherehani yake, akakaa, na moyo wake, badala ya kuogopa, ukafurahi. Hilo lilikuwa kosa lake la pili.

La kwanza alilifanya siku chache kabla, kule mlimani.

Walikuja mji huu watatu. Mumewe alikuwa karani wa bohari huko bondeni, mtu wa kushinda kitini, mpaka siku moja kiti kikamchosha. Akasema twende tukaishi mlimani, tuwapeleke wageni kileleni, tulale kwenye mahema, mtoto akue akivuta hewa safi. Neno lake lilikuwa hilohilo, twende, na waongozaji wa mlimani hawakukawia kulifanya jina lake. Ndugu walicheka hadi wakashika mbavu: karani na mshonaji wanakwenda kupanda mlima na vitambi vyao. Mke alimfuata kwa sababu alimpenda, na kwa sababu yeye naye alikuwa amechoka kushona sare za shule. Wakajifunza kamba, wakajifunza mawingu, vitambi vikayeyuka. Jioni wakirudi na matope hadi magotini, binti yao aliwapokea kwa maneno yasiyo na kituo, ndipo baba yake akamwita Kasuku. Ilikuwa furaha ambayo mtu huona haya kuisimulia.

Kisha siku moja kwenye ukungu jiwe likamponyoka Twende miguuni, na mlima ukamchukua. Walimtafuta hadi wakakata tamaa. Hawakupata hata kofia.

Waongozaji wa mji ule wana desturi yao. Ukungu ukishuka, anayetangulia huita, "Wa mwisho?" na aliye nyuma kabisa hujibu, "Nipo." Ndivyo wanavyojua kuwa msafara haujakatika. Twende alikuwa akitembea nyuma siku zote, mkewe mbele. Na kila mwongozaji huambiwa tangu siku ya kwanza, kabla hajafundishwa hata fundo moja: ukiwa peke yako, usiite. Mshonaji aliambiwa kama wenzake. Lakini mwaka ulikuwa umepita tangu msiba, alikuwa akishuka peke yake na mahema mgongoni, ukungu ukamfunika, na mdomo wake ukaita kwa mazoea.

"Wa mwisho?"

Nyuma yake, si mbali, sauti ya mumewe ikajibu, pamoja na kile kikohozi chake kidogo kilichotangulia kila neno. "Nipo."

Mwenye akili zake angetimua mbio. Yeye alisimama akalia. Kisha akaendelea kushuka polepole, akiita kila kona na kujibiwa kila kona, mpaka mlangoni kwake, na alipoingia aliuacha mlango wazi kwa muda kabla ya kuufunga. Hakugeuka hata mara moja. Ndani ya nafsi yake alijua kwamba akigeuka ataona kitu ambacho si mume wake.

Basi lile lililomfuata likaingia. Mwanzoni lilikuwa jambo la harufu na vikohozi, na zipu inayojifunga. Mshonaji alilifumua hema, akalishona, akakuta limefungwa tena, naye hakumwambia mtu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka mzima majirani walimwona anafanya kazi na kusalimia vizuri, wakasema huyu dada ni jasiri, kumbe alikuwa hajawahi kulitaja jina la marehemu ndani ya nyumba ile. Mtoto alipouliza habari za baba yake, mama alikanyaga cherehani. Baadaye mtoto akaacha kuuliza, na yule kasuku wa maneno yasiyo na kituo akawa bubu.

Sasa alikuwa anaongea tena. Alasiri, akitoka shule, Kasuku aliingia sebuleni, na mama yake chumba cha pili akaisikia sauti ndogo ikieleza mambo ya darasani, kisha kikohozi, kisha kicheko cha chini alichokijua kuliko alivyojijua mwenyewe. Mshonaji aliondoa mguu kwenye cherehani ili asikie vizuri. Alitaka kuingia, lakini akahofu kwamba akiingia kitanyamaza, na hiyo ndiyo hofu pekee aliyokuwa nayo siku zile.

Hofu nyingine ilikuja yenyewe. Mikono ya mtoto ilipoa na haikupata joto hata akishika kikombe cha chai, nywele zake zikawa na manyunyu siku ambayo nje kuna jua kali, na njiani kwenda dukani akawa hatembei tena ubavuni mwa mama yake ila nyuma, daima nyuma, mama akipunguza mwendo naye anapunguza, mama akisimama naye anasimama, na hatua zilizosikika pale nyuma hazikuwa za miguu miwili tu.

"Pita mbele, mwanangu," Mshonaji alimwambia.

"Siwezi. Baba anasema mimi ndiye nitakuwa wa mwisho."

"Wa mwisho wapi?"

"Jumamosi tunapanda. Yeye mbele, mimi nyuma. Anasema kule juu nimewekewa nafasi."

Mshonaji alimwacha mtoto kwa jirani, akaenda moja kwa moja kwa fundi wa buti. Mtu huyu alibandika soli za waongozaji wote, na kwa kipaji alichorithi kwa mama yake alikuwa pia mganga. Alipenda kusema kwamba majini hayamsumbui, kinachomsumbua ni wateja. Siku hiyo hakutania. Alisikiliza hadi mwisho, akafunika kopo la gundi.

"Usimwamshe aliyelala, dada. Ukimwamsha utalala wewe," alisema. "Hawa wa kwenye ukungu hawana sauti yao wala mahali pao. Wewe ulitangaza nafasi, yeye akaijaza."

"Na kama ni yeye kweli? Kama ni mume wangu?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Ningejua kudanganya, ningekudanganya."

Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba msafara ule bado haujafungwa. Kila safari inapoisha anayetangulia husema, "Tumefika, kila mtu kwao," ndipo watu hufungua kamba na kwenda majumbani. Mshonaji hakusema siku ile aliposhuka na kile kitu, na kwa kweli hakuwahi kusema tangu mlima ulipomchukua mumewe. Aseme sasa, tena akikitazama. Kitamsihi kwa sauti ileile, asikijibu. Na afanye haraka, kwa sababu jini hilo limeanza kumzoeza mtoto nafasi ya nyuma. Siku likiita lenyewe na mtoto akaitika, atakuwa wake.

Alipofika kwa jirani aliambiwa Kasuku amekuja kuchukuliwa na baba yake. Jirani alilisema hilo kwa uso wa kawaida kabisa, kisha akakumbuka, akashika mdomo. Mshonaji alikimbia. Ukungu ulikuwa umejaa mtaani, na alipofungua mlango wake akakuta umejaa sebuleni pia, mweupe, unanuka jiwe na mafuta ya taa, umetanda hadi kwenye dari, hata meza haikuonekana wala viti, na katikati yake hema limesimama limefungwa zipu kwa ndani, na kutoka humo sauti ya mume wake, yule aliyekuwa akimnong'oneza usiku wa baridi kwamba hawajakosea kuja huku, ikakohoa kidogo na kuita, "Wa mwisho?" naye akamsikia mtoto wake akivuta pumzi ili ajibu.

"Tumefika," alisema Mshonaji.

Pumzi ile ikakatika. Akaingiza mkono kwenye mshono, akaupasua. Kasuku alikuwa amekaa humo, midomo ya bluu, na mbele yake kilikaa kitu kimempa mama mgongo. Kilivaa koti la Twende, lile lenye kiraka begani alichokishona yeye. Kikageuka, na alipotazama usoni akaona mgongo tena, koti lilelile na kiraka kilekile. Kikageuka mara nyingine. Mgongo.

"Mke wangu," kikasema kwa upole, "huko nje kuna baridi. Wewe ndiye uliyenileta nyumbani."

Kila mfupa wake ulitaka kujibu. Alikuwa ameiota sauti hiyo mwaka mzima, na hakuna atakayempa nyingine. Akamvuta mtoto kifuani.

"Tumefika," akasema tena, na machozi yakamwingia mdomoni. "Kila mtu kwao."

Koti lilisinyaa kama hewa inayotoka kwenye mpira. Ukungu ukashuka sakafuni, ukajikokota kuelekea mlangoni, ukatoka. Ikabaki sebule, yenye hema lililochanika na meza na vikombe vya asubuhi ambavyo havijaoshwa.

Alimfunika mtoto blanketi, akamsugua mikono hadi ikaanza kupata joto.

"Nilijua si baba," akasema Kasuku. "Baba hakuwa wa baridi vile."

"Kwa nini ulikaa naye, mwanangu?"

"Nikimuuliza mambo ya baba, alikuwa ananijibu. Wewe nikikuuliza unashona."

Mshonaji alimkaza mtoto blanketi mabegani. Maneno hayo yalimchoma.

"Niulize sasa," akasema. "Sishoni."

Mtoto alifikiri. "Alipoanguka, alipiga kelele?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa na polisi, na waongozaji, na wakwe zake, na wote aliwaambia hakusikia chochote. Aliwaficha kwa sababu ilimuuma. Yeye alikuwa hatua chache tu mbele ya mume wake, ameshika ncha ya kamba, na mume wake hakumwita yeye.

"Alikuita wewe," akasema. "Mara moja tu. Alisema, Kasuku."

Uso wa binti ukakunjamana, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule akalia kwa sauti, na mama yake akalia naye, wamekaa sakafuni kando ya hema, mpaka jirani akaja kugonga mlango kuuliza kama wako salama.