Beringi Nane za Dada

Mbele ya baba, mwenzangu! Mbele ya baba na mashangazi wawili, dada kamwaga nati na magurudumu juu ya meza ya sebuleni! Ngoja nianze mwanzo, usije ukapotea.

Unaujua ule ubao wake wa magurudumu manne anaotelezea barabarani, ule baba anauita uhuni wa mbao. Ulianza kulia kama panya aliyebanwa mlangoni. Beringi, vile vyuma vya duara ndani ya magurudumu, mbili kila gurudumu, zimekwisha. Dada akaenda duka la vipuri, foleni mpaka nje, yeye na suruali yake iliyochanika goti. Nyuma ya kaunta fundi kijana, ovaroli ya bluu, grisi hadi kwenye viwiko.

"Beringi nane."

"Za mashine ya kaka?"

"Zangu. Kaka sina."

"Na mchumba?"

Foleni nzima ikacheka. Dada alinuna mpaka nyumbani, halafu akacheka peke yake jikoni.

Tangu hapo, miezi mitatu simu ya fundi haikubanduka sikioni. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, mpenzi, na wewe je?" Na mimi nalala chumba hichohicho!

Sasa sikia. Wiki iliyopita fundi akauchukua ubao autengeneze kwa mashindano ya kushuka mteremko. Ukarudi unang'aa. Dada akasukuma gurudumu kwa kidole: mizunguko miwili, likakwama. Akafungua beringi. Grisi nzito ya malori, imeshindiliwa! Vitu vidogo vile vinataka tone la mafuta mepesi tu.

Akapiga simu palepale.

"Umezijaza makusudi?"

"Mpenzi, mteremko ule... Baba yako aliniomba. Na mimi naogopa utavunjika."

"Kwa hiyo mmeungana kunipunguzia mwendo."

"Nakupenda."

"Nipende nikiwa mbioni!" Akakata.

Siku nne hakupokea. Jana mashangazi wamekaa wanamshauri baba aufungie ubao stoo, mlango ukagongwa. Fundi! Shati limepigwa pasi, mkononi beringi nane mpya.

"Shikamoo, mzee. Nilikosea kukusikiliza." Akamgeukia dada. "Nikufungie?"

"Lete. Nafunga mwenyewe."

Ndipo akamwaga kila kitu mezani. Akazing'oa zile za grisi kwa ncha ya ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, tak, tak!

"Mtoto wa kike, kucha nyeusi hivyo," shangazi mkubwa akasema, "nani atakuoa?"

Dada hata hakuinua uso. Akagandamiza beringi ya nane kwa kiganja, akakaza nati, akailegeza kidogo, akazungusha. Gurudumu likaenda, likaenda, shangazi akasahau kufunga mdomo. Bado linakwenda, dada akamwambia fundi:

"Kesho nashuka ule mteremko. Ukinitaka bado, kesho kutwa tupange ndoa. Grisi yako iache dukani."

Fundi akajibu: "Nitakusubiri kule chini."

"Chini kuna nini? Njoo juu, unisukume."

"Nakuja."

Na baba? Baba kanyoosha kidole, kalizungusha gurudumu tena, taratibu. Alichosema baada ya hapo utakisikia kesho, pamoja na mbio zenyewe. Dada ananiita huko nje twende mteremkoni, kofia yake ngumu ninayo mimi!